Jaruba la Kijani la Bwana Wimalaratne

Wakulima wenzangu wa Kumbukgolla wakiulizwa ni nani aliyetuangamizia mpunga mwaka ule, humtaja Rais, na hawakosei. Lakini mimi Rais sikuwahi kumwona ila kwenye mabango. Niliyekuwa nikimwona kila siku ni Wimalaratne, bwana shamba wetu, maana shamba la mkewe na langu yanapakana, tuta moja tu katikati, na maji ya bwawa hupita kwao kwanza ndipo yafike kwangu. Kwa hiyo nitamsema yeye. Rais ana wasemaji wa kutosha.

Alikuja kwetu akiwa kijana, cheti cha chuo cha kilimo kikiwa bado kinanukia wino, kutoka kusini kwenye mvua za mwaka mzima na minazi iliyosongamana hadi mlangoni. Huku kwetu, ukishaupita mji wa Anuradhapura, mvua zina msimu wake, na asiyekinga maji bwawani hula vumbi. Hilo hakulijua. Wala tembo hakuwajua; akisikia mmoja anavunja tawi ng'ambo ya bwawa, alipandisha saruni magotini na kukimbilia ndani. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwoa Kusuma, mtoto wa pekee wa mzee mwenye majaruba mazuri kuliko yote chini ya bwawa. Watu wakasema kijana huyu kapanda basi mara moja tu, kashuka na kazi, mke na shamba.

Kazi yenyewe ilikuwa kutuletea neno la serikali. Waraka ulifika kwake kutoka mjini, naye akatusomea. Ukitaka kujua serikali inawaza nini wiki hii, ulimsikiliza Wimalaratne. Ukitaka kujua Wimalaratne mwenyewe anawaza nini, ungesubiri mpaka bwawa likauke.

Miaka yote hiyo neno lilikuwa mbolea ya chumvichumvi. Serikali iliitoa karibu na bure, naye aliihubiri kama aliyeivumbua yeye. "Mpunga bila yurea ni nyasi," alisema kila msimu. Mbegu za zamani, zile nyekundu ambazo mama mkwe wangu alizitunza kwenye chungu, alizitukana mbele ya mkutano: "Hizo walisheni kasuku." Sisi tukawalisha kuku kweli, tukapanda za kwake. Mavuno yaliongezeka, sitasema uongo. Kisha wanaume wetu wakaanza kufa kwa figo.

Ranbanda, mume wangu, alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtu wa kubeba gunia begani huku anapiga mluzi. Mwishowe nilikuwa nampandisha mimi kwenye basi la kwenda hospitali kuunganishwa na mashine. Wako waliosema ni maji ya visima, wako waliosema ni mbolea, wako waliosema ni jua. Hadi leo sijasikia jibu ambalo madaktari wote wanakubaliana nalo. Siku ya matanga nilimwuliza Wimalaratne. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Dada Podimenike, hayo ni maneno ya watu wasiosoma," alisema. "Mumeo hakuwa anakunywa maji ya kutosha."

Aliyasema hayo ameshika kikombe changu, anakunywa chai yangu.

Miaka ikapita. Ukaja mwaka wa corona, watalii hawaji, viwanda vya nguo havina oda, wasichana wetu walioko Uarabuni hawatumi kitu, na dola katika hazina zinayeyuka. Ndipo Rais akatangaza kwamba mbolea ya chumvichumvi haitaingia tena nchini. Nchi nzima ilime kwa mboji, kuanzia sasa. Wengine walisema ni kwa ajili ya afya zetu. Wengine walisema dola zimekwisha, na aibu imevishwa shati la afya.

Wimalaratne akaitisha mkutano katika jengo la chama cha wakulima. Alisimama akaeleza jinsi mbolea ya chumvichumvi ilivyo sumu, jinsi mababu zetu walivyokuwa mabingwa, jinsi mbegu nyekundu zilivyokuwa dawa. Sauti ileile, kidole kilekile hewani.

Heenbanda, mwenyekiti wetu, mwenye mdomo usio na kifuniko, akainua mkono. "Bwana Shamba, mwezi jana ulituambia mpunga bila yurea ni nyasi."

"Mwezi jana ilikuwa mwezi jana. Sayansi inasonga, kaka."

"Inasonga kwa miguu yake au inabebwa na gari la serikali?"

Watu wakacheka. Wimalaratne hakucheka. Alipekua ukumbi kwa macho, akaniona nimekaa karibu na mlango, akanikunjulia uso wa huruma ambao sikuwahi kuuona tangu anifahamu.

"Mwangalieni dada yetu Podimenike," alisema. "Ranbanda aliuawa na nini? Na sumu hii! Mnataka wajane wangapi tena?"

Watu wakanigeukia. Nilitaka kusimama nimkumbushe maneno yake ya matanga, lakini nikabaki nimeshika ncha ya sari yangu. Na nitasema jambo la ajabu zaidi: sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Nilikuwa nimengoja muda mrefu mtu mwenye cheti aseme kwamba Ranbanda hakujiua kwa uzembe. Ndiyo maana chuki yangu kwa mtu yule ina mizizi. Alinipa kile nilichokihitaji kwa sababu tu siku ile kilimfaa yeye.

Msimu mkubwa wa mvua ukaja, ule tunaouita Maha. Mvua zilinyesha vizuri, bwawa likajaa, mfereji ukafunguliwa. Mboji ya serikali ikaletwa kwa lori. Ndani yake tulikuta vigae vya chupa, mikanda ya ndala na mbegu za magugu ambayo Kumbukgolla haikuwahi kuyaona. Kisha zikaja chupa za mbolea ya maji. Ukifungua moja, mbwa walihama ua. Wimalaratne alituonyesha jinsi ya kunyunyiza, pua akiwa ameigeuzia upande.

"Inanuka kwa sababu iko hai," alisema.

"Hata maiti hunuka," Heenbanda akamjibu.

Siku ya mwezi mpevu ya Novemba, ile sikukuu ya ibada tunayoiita Poya, kijiji kizima kilikwenda hekaluni. Tulivaa nyeupe, tukakaa kwenye mikeka tukishika amri za siku. Kusuma alikaa karibu nami. Wimalaratne alikuwa mstari wa mbele, macho yamefumbwa, utadhani amekwisha kuuaga ulimwengu. Baada ya chakula cha mchana akamnong'oneza mtawa kwamba tumbo linamsokota, akatoka. Nikamwambia Kusuma, "Mumeo kala nini?" Kusuma akatazama viganja vyake.

Krismasi ya wenzetu ilipokaribia, mpunga ulikuwa umesema yote. Ukisimama juu ya ukingo wa bwawa ulikuwa unaona bonde zima limegeuka rangi ya ngozi ya mtu mwenye homa ya manjano. Langu la njano, la Heenbanda la njano, hadi msituni. Na katikati, kama kiraka cha saruni mpya kwenye saruni kuukuu, jaruba la Wimalaratne: kijani kibichi, limesimama kifua mbele. Halikuhitaji mtaalamu. Hata watoto waliokuwa wakipita kwenda shule walilinyooshea vidole.

Heenbanda alikusanya wanaume kumi na wawili au zaidi, wakaja kusimama kwenye tuta langu. Mimi nilikuwepo tayari, napalilia yale magugu ya serikali. Wimalaratne akatoka nyumbani anafunga vifungo vya shati.

"Bwana Shamba," Heenbanda alisema kwa upole wa kutisha, "tumekuja kujifunza. Hii ni mboji gani?"

"Ni mboji ileile. Ila mimi nimefuata maelekezo. Ninyi mnachanganya ovyo."

"Tupe na sisi maelekezo hayo."

"Ni suala la nidhamu, kaka. Uwiano. Wakati."

"Wakati wa Poya, labda, sisi sote tukiwa hekaluni?" nikasema mimi. Lilinitoka tu.

Akageuka. "Dada, wewe ni mtu wa heshima. Usiingie kwenye mambo haya."

"Ulikwisha kuniingiza. Uliniingiza mimi na marehemu wangu."

Hapo ndipo Kusuma alipotoka, kikapu cha majani kichwani. Aliuona umati, akamwona mumewe, akakitua kikapu. Kusuma ni mtu wa maneno machache. Katika miaka yote ya ujirani sikuwahi kumsikia akipandisha sauti ila kwa ng'ombe.

"Baba Nilmini," alisema, "sema, au nitasema mimi."

"Ingia ndani."

"Haya, nitasema mimi." Akatugeukia. "Magunia yalikuwa chini ya kitanda chetu. Aliyanunua mjini wiki ileile ya tangazo, kabla hajawaitisha mkutano. Nimelala juu ya yurea tangu mwezi wa tano, mpaka ndoto zangu zinanuka chumvi."

Kicheko kikapasuka, kicheko kibaya, cha watu wenye njaa mbele yao. Heenbanda alicheka mpaka akachuchumaa. Nilimtazama Wimalaratne, nikitegemea aone haya, akimbie, alie, afanye lolote lifanywalo na binadamu. Nilimwona akifikiri. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta sarafu mifukoni. Kisha akaipata.

"Bila shaka!" akasema kwa sauti kubwa. "Bila shaka ni yurea! Mlidhani ni nini? Hili ni shamba la mfano. Ilibidi pawepo pa kulinganishia. Nimejitolea shamba langu kwa ajili ya elimu yenu!"

Heenbanda aliacha kucheka. "Shamba lako?" aliuliza. "Si la mkeo?"

Juma lile wanaume walitengeneza sanamu la mabua, wakalivisha shati na miwani ya waya kama yake, wakalifunga kwenye geti la Wimalaratne na kulichoma moto. Nchi nzima ilikuwa inachoma masanamu wakati huo. Letu lilikuwa dogo lakini lilifanana. Wakati linaungua, Kusuma alikaa kizingitini akikuna nazi, wala hakuinua macho.

Cha kuchekesha ni kwamba marufuku yenyewe ilikuwa imekwisha kuondolewa. Serikali ilikuwa imegeuka, na bwana shamba wetu akageuka nayo, bendera hufuata upepo. Akaitisha mkutano mwingine. Mboji peke yake, alituambia, ni ndoto za watu wa mijini. Mpunga unataka yurea.

"Iko wapi?" tukamwuliza.

"Imeruhusiwa."

"Kuruhusiwa si kufika. Iko wapi?"

"Inasubiri dola," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema jambo la kweli.

Wakubwa wakaja kutoka mjini kwa gari jeupe, kupima hasara. Wimalaratne aliwaongoza moja kwa moja hadi jaruba la kijani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa tuta, hatua chache tu, nasikia kila neno. Aliwaeleza kwamba alishuku tangu mwanzo, kwamba kwa ujasiri wake mwenyewe alitenga eneo la kulinganisha, kwamba wanakijiji kwa ujinga wao walimwonea wivu na kumchomea sanamu. Wakampiga picha amesimama kati ya mpunga, mkono juu ya masuke. Mmoja wa wakubwa alimwambia, "Nchi hii ingekuwa na mabwana shamba kama wewe, tusingefika hapa." Shamba langu hawakulipiga picha. Hakuna anayependa kupiga picha mapepe.

Ndiyo, mapepe. Nilipovuna na kupepeta, upepo ulichukua sehemu kubwa kuliko iliyobaki kwenye ungo. Punje zilikuwa maganda matupu. Nimelima tangu utotoni, nimeona ukame, nimeona tembo wakilala juu ya mpunga wangu, lakini sikuwahi kuona shamba lililonyeshewa vizuri likatoa upepo. Nilikaa kwenye uwanja wa kupuria nikamlilia Ranbanda upya.

Mwaka wetu mpya ni mwezi wa Aprili, na nyumba isiyopika wali wa tui asubuhi ile ni nyumba yenye mkosi. Aprili ile wengi hatukuwa na mchele wa kupika uji, sembuse wali wa sherehe. Gesi haikuwepo, maziwa ya unga hayakuwepo, umeme ulikuja kama mgeni asiyependa kukaa. Siku chache kabla ya sikukuu nikasikia Kusuma ananiita kutoka ng'ambo ya tuta. Alikuwa amefungua ghala lao, milango yote miwili.

"Dada, lete gunia," alisema. "Na umwambie Heenbanda. Mwambie kila mtu."

Wimalaratne alitoka mbio, pindo la saruni mkononi. "Kusuma! Unafanya nini? Tumpe nani? Wale walionichoma?"

"Walikuchoma wewe au mabua?"

"Mpunga huu ni jasho langu!"

"Jasho lako?" Kusuma alimtazama juu hadi chini. "Wewe ulisema ni shamba la mfano, la elimu yao. Basi waje waichukue elimu yao."

Niliona mdomo wake unafunguka na kufungwa, na nakiri, sikukuu ya mwaka ule kwangu ilikuwa hiyo. Heenbanda alikuja na bajaji ya kusukumwa, maana petroli hapakuwa. Alipofika mbele ya Kusuma alivua kilemba chake cha taulo akainama, mtu yule ambaye hata mtawa humsalimu kwa mzaha. Tulipika wali wa tui kwa kuni, tukaukandamiza kwenye sinia na kuukata vipande, tukala na lunumiris, pilipili iliyopondwa na vitunguu, inayochoma hadi masikio. Ulikuwa wali mtamu. Yurea haina kosa, nitakuambia. Wala mboji haina kosa. Kosa ni la watu.

Yaliyofuata mnayajua, yalionyeshwa dunia nzima. Foleni za petroli, watu wakilala ndani ya foleni na wengine kufia humo. Wimalaratne alikaa kwenye foleni na pikipiki yake mpaka akaota ndevu, na huko kwenye foleni akagundua kwamba serikali ni mbaya. Tangu siku hiyo hakuna aliyeichukia kama yeye. Mwezi wa saba watu walipopanda treni kwa maelfu kwenda mji mkuu, Kolombo, kumwondoa Rais, naye alipanda. Alirudi na picha kwenye simu: yeye amejilaza kwenye kochi la ikulu, miguu juu, mkono mmoja ameukunja ngumi. Alimwonyesha kila aliyepita.

Heenbanda aliitazama picha ile kwa makini, akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali.

"Bwana Shamba," aliuliza, "ulikwenda kumfukuza Rais au ulikwenda kupokea waraka?"

Mwisho wake nausema kwa uchungu, maana ningependa kuwaambia kwamba alifukuzwa kazi, au angalau alipewa uhamisho kwenye kituo chenye tembo wengi. Alipandishwa cheo. Ile picha ya jaruba la kijani ilikuwa imetembea kutoka meza hadi meza, na siku moja akaitwa mjini akawe mkubwa wa mabwana shamba wengine. Ana kiti kinachozunguka sasa. Nilisikia huwafundisha vijana somo la kusimamia ukweli.

Kusuma hakwenda naye. Alimfungia nguo zake vizuri, akampikia samaki mkavu wa njiani, akamwambia, "Kazi ni yako, shamba ni langu." Binti yao Nilmini, kiwanda cha nguo kilipompunguza kazini, alirudi kukaa na mama yake. Mimi na Kusuma tuliubomoa ule mpaka kati yetu kwa majembe, asubuhi moja tu, na sasa tunalima pamoja. Tumepata mbegu nyekundu kidogo kutoka kwa ndugu wa Heenbanda, tunazipanda upande mmoja kwa samadi ya ng'ombe. Upande mwingine tunatia yurea, kiasi. Hatukumwuliza mtu.

Jumamosi nyingine Wimalaratne huja. Husimama ukingoni, viatu vinang'aa, akatuambia mistari yetu imepinda na maji yamezidi. Juzi Kusuma alipanda kutoka matopeni, akamnyooshea jembe bila neno. Wimalaratne akaliangalia lile jembe, akaiangalia simu yake ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, mkubwa," akaiambia. "Nakuja sasa hivi."